Mpaka Mpishi Aseme

Kama unasoma haya umekaa kwenye benchi la hospitali, na aliye pembeni yako mdomo umekwenda upande, au ulioenda upande ni wako mwenyewe, basi nimekuandikia wewe. Wengine wasogee pia, nafasi ipo. Mimi naitwa Leokadia, ni wa hapa hapa Ifakara, watu wananiita Mama Theo. Mkono wangu wa kulia bado una kiburi, kwa hiyo naandika kwa wa kushoto, na binti yangu Theodora, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Sanje, anayapitia haya na kunirudishia vitenzi vinavyonitoroka. Vingine namwambia aviache vilivyo, vimeteseka vya kutosha.

Kabla sijaugua nilikuwa mpishi mkuu wa jumuiya yetu ya kanisani. Sisemi kwa majivuno, au tuseme kwa majivuno kidogo tu. Harusi, kipaimara, msiba, jubilei ya masista, wote walikuja kunipigia hodi. Wali wa shughuli si wali wa nyumbani. Unapikwa nje, kwenye sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani yake, juu ya mafiga na kuni za mwembe. Maji yakikauka unapalia makaa juu ya mfuniko, halafu unangoja. Hapo ndipo ilipo sheria yetu akina mama: wali ukishapaliwa, hakuna anayegusa mfuniko mpaka mpishi mkuu aseme neno moja, pakueni. Padre awe na njaa, bwana harusi azimie, sheria ni hiyo. Nimewahi kumrudisha diwani mwenyewe na sahani yake mkononi, na akarudi.

Nakueleza hili mapema ili ujue nilipoteza nini. Wengine wakipata kiharusi huogopa kufa. Mimi niliogopa kwamba sitasema tena lile neno, na mwenye kulisema atakuwa mtu mwingine.

Ilinipata Jumapili moja kabla ya Krismasi, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wameanza kupandikiza mpunga. Nilikuwa uani nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele. Ungo ukaanguka. Niliuangalia mkono wangu nikashangaa mbona umeuachia bila kuniuliza. Mume wangu Oswald alitoka ndani akanikuta natazama kuku wakila mchele. Wenyewe walifikiri Krismasi imewahi. Akaniuliza kuna nini. Nilitaka kumwambia awafukuze. Nikasema, "Kuku. Kuku." Akasema anawaona. Nikasema tena, "Kuku," na nikajisikia ulimi umekuwa mzito na mate yanateremka kidevuni. Hapo Oswald hakuuliza tena. Alimwita kijana wa bajaji, akanibeba.

Habari za mishipa na damu sitakueleza, hayo waulize wenye kazi yao. Nitasema moja tu: ukiona mdomo umekwenda upande, usimngoje mjomba aje kutoka Mahenge wala usianze na maombi. Mwahishe mtu hospitali, maombi yatakuja nyuma na bodaboda.

Nilikaa wodini mpaka sikukuu zikapita. Krismasi niliiona dirishani. Nilipozinduka vizuri, niligundua jambo ambalo mpaka leo linanichekesha na kunishangaza. Majina yote ya vitu yalikuwepo. Sufuria, mwiko, kuni, kanga, Oswald, Theo, muuguzi, sindano, yote yamepangwa vizuri kama yalivyokuwa. Yaliyoondoka ni maneno ya kutenda. Nikitaka maji naweza kusema maji, lakini niletee maji, nimwagie maji, maji yamemwagika, hayo yote yalikuwa maji tu. Mtu anayenisikiliza ilibidi aangalie kama nina kiu, kama nimejaa vumbi, au kama kitanda kimelowa.

Na kusikia nako kulikuwa hivyo hivyo. Watu walidhani kwa kuwa sisemi, nasikia. Kumbe nusu ya wanayosema inanipita. Theo ndiye aliyenieleza baadaye, kwa ualimu wake. Alisema kitenzi cha Kiswahili kinabeba mizigo mingi kichwani na mgongoni. Ukisema nitakupikia, ni neno moja, lakini ndani yake nimo mimi, umo wewe, ipo kesho, na upo upendo kidogo. Mimi nilikuwa nasikia kwamba kuna kupika mahali. Nani, lini, kwa ajili ya nani, hayo yalikuwa yanaanguka njiani kabla hayajanifikia.

Sasa usinihurumie sana, maana vitu vyenyewe vilinisaidia. Wakisema mbuzi wa jirani amekula mahindi yetu, naelewa, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona mahindi yakila mbuzi. Wakisema nyoka ameuawa na Oswald, naelewa, maana Oswald ninamwona hai na fimbo mkononi. Tabu ilikuja pale ambapo wote wawili wanaweza kulifanya jambo. Theo amemsaidia shangazi, Theo amesaidiwa na shangazi, hapo kwangu ilikuwa kurusha shilingi. Nilichagua ninayempenda zaidi siku hiyo.

Niliporudi nyumbani mvua zilikuwa zimekolea na Oswald alikuwa ameshaweka utaratibu. Kwetu mgonjwa hukalishwa. Hiyo ni heshima, na mtu asiyemkalisha mgonjwa wake husemwa mpaka kanisani. Nikawekewa kiti chenye mto sebuleni, mbali na jiko, mbali na moto, mbali na kisu, mbali na kila kitu nilichokuwa nakijua kwa mikono yangu. Mchana nilitazama televisheni, watu wakizungumza vitenzi vitupu. Jioni wageni walikuja kunijulia hali.

Wale wageni, Mungu awabariki. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa naomba wageni waondoke ndipo nipone. Walikuja ndugu wa Oswald kutoka upande wa Mahenge, watu wazima wenye adabu, na adabu kwetu ni maneno marefu. Mzee wao alianza, kama nilivyosimuliwa baadaye, kwamba walikuwa wameambiwa nimelazwa, wakasema hawawezi kukaa bila kuja, na wangekuja mapema kama barabara isingekuwa imeharibiwa na mvua. Vitenzi vilinipita vikiwa vimepandana. Alipomaliza akanitazama akingoja jibu. Nikakusanya nguvu zangu zote, nikamjibu, "Sufuria." Wakatazamana. Mama mmoja akaanza kulia, na mimi nikaanza kucheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, jambo ambalo lilimfanya alie zaidi.

Kila mtu alinionea huruma kwa namna hiyo. Kadiri walivyonipenda ndivyo walivyorefusha. Badala ya kuniambia kula, wanasema je, mama, ungependa tukuletee chakula sasa au tusubiri kidogo. Nilikuwa nazama kwenye mapenzi.

Oswald peke yake hakuwa na maneno mengi, ni mkulima, maneno yake ameyaacha shambani. Aliniogesha. Alinivalisha kanga, mwanzoni akinifunga kama gunia la mpunga linalokwenda mashineni. Alijifunza kunisuka nywele, mistari ikienda Mlimba na kurudi. Nikijiona kwenye kioo, mdomo upande, kichwa vile, nilicheka na yeye akacheka, na naamini kicheko kile kilifanya kazi kuliko vidonge vingine. Lakini vidonge vya presha usiache, Theo amesisitiza niandike.

Aliyenikasirisha ni wifi yangu Skolastika, dada yake Oswald. Skola ndiye aliyekuwa msaidizi wangu kwenye mapishi, na nilipougua akashika mwiko wangu. Mtu akishika mwiko wako, hata akiushika kwa nia njema, moyo unauma. Siku moja nikiwa kitini niliwasikia yeye na Oswald wakibishana uani. Nikasikia jiko, nikasikia moto, nikasikia jina langu, na kitenzi kimoja cha kukataza. Nani anamkataza nani, sikujua. Nikarusha shilingi yangu nikaamua kwamba Skola amekataza nisiingie jikoni, kwa sababu sasa jiko ni lake. Aliponiletea uji nikageukia ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Skola ni mtu wa maneno makali lakini alikaa tu pembeni ya kitanda, kikombe mkononi. Uji ukapoa, akaunywa mwenyewe akaondoka.

Kliniki ya mazoezi ilikuwa kila Jumatano. Tulikaa kwenye benchi refu koridoni, wenzangu wote wa mikono iliyolala na miguu ya kuburuta. Pale kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kwa treni kutoka Mlimba pamoja na mkewe. Kiharusi kilikuwa kimemwachia neno moja tu, Jumatano. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia Jumatano kwa upole. Akitaka kupisha mtu, Jumatano. Akinyoosha mkono wenye ndizi, anakukaribisha Jumatano, nawe unachukua. Sindano ikimwingia, Jumatano hiyo utaisikia mpaka getini. Na wote tulimwelewa. Nakuambia kweli, sikuwahi kukaa na mtu tuliyezungumza vizuri kama yule. Yeye Jumatano, mimi sufuria, na mazungumzo yakaenda.

Aliyetufanyisha mazoezi tulimwita Bi Neema, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alininyoosha vidole kwanza, halafu akanionyesha picha. Mtu anakata, mtu anakoroga, mtu anamsukuma mwenzake. Aliniuliza anafanya nini huyu. Nikasema kisu. Nikasema sufuria. Kwenye ile ya kusukumana nikasema watu. Hakukata tamaa, lakini niliona anafikiri. Akamgeukia Oswald akamuuliza kazi yangu ni nini.

Oswald akasema, "Alikuwa mpishi."

Sijui nilikielewaje kile kitenzi, alikuwa. Vichwa vya vitenzi vyote vilikuwa vimenipotea, lakini hicho kilifika kizima na kikanichoma. Nilipiga benchi kwa mkono wa kushoto. Nikasema, "Mpishi. Mpishi." Bi Neema akanitazama mimi, akamtazama Oswald, akauliza jikoni nyumbani ninafanya nini. Oswald akajibu kwa fahari kwamba hajaniruhusu hata kusogelea.

Bi Neema alimweleza taratibu, na Oswald alinisimulia baadaye. Alisema hapa anamwonyesha mama picha ya mtu anayekoroga, na picha haina mvuke wala harufu, haiungui ukichelewa. Akasema, "Baba, mrudishe penye kazi yake. Asipike, akae tu pale kazi inapofanyika. Maneno yake yako huko."

Oswald alikubali kwa kichwa na akakataa kwa moyo. Aliogopa moto. Njiani kurudi hakusema kitu, na mimi pia, ingawa mimi nilikuwa na sababu. Mwishowe alipata njia ya katikati, ambayo ndiyo njia yake siku zote. Jikoni hapana, ila atanipeleka shambani.

Shamba letu liko Katindiuka. Ulikuwa wakati mpunga umeanza kutoa masuke na ndege wamefika, wale wadogo ambao wakitua kwa kundi shamba zima linainama. Oswald alinipeleka kwa bajaji mpaka mwisho wa barabara, halafu akanikokota pembezoni mwa majaruba mpaka kibandani. Akanikalisha kivulini, akanipa kopo lenye mawe ndani nilitikise. Harufu ya mpunga mbichi na matope, kelele za majirani wakiwafukuza ndege kutoka shamba hadi shamba, vyote vilinirudia. Waliposema rusha, niliona udongo ukiruka. Waliposema wanahamia kwa Mama Benja, niliwaona ndege wakihama. Kila kitenzi kilikuja na mwenyewe, sikuhitaji kubahatisha.

Mchana joto likazidi na Oswald akasinzia. Nilikuwa naangalia jaruba la mbali, lile lenye mpunga mzuri kuliko yote, ndipo kundi likatua.

"Wanakula!" nikapiga kelele. "Oswald, wanakula!"

Aliruka kama aliyemwagiwa maji. Akashika kombeo, akageuka shambani, halafu akasimama. Akanigeukia mimi. Neno lilikuwa zima, na kichwa chake na mkia wake. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa chini kwenye nyasi, mzee wa watu, akalia na kucheka, na mimi nikisema wanakula, wanakula, wanakula, na wao kweli walikuwa wanakula. Siku ile ndege wa Katindiuka walishiba kwetu, na hakuna aliyewafukuza.

Usiku huo huo, wakati wa chakula, Oswald alimwambia Skola mbele yangu, kwa kunyoosha kidole na kwa maneno mafupi, kwamba yeye Oswald ndiye aliyenikataza jiko, na sasa amelifungua. Hapo ndipo nilipojua nilimnunia mtu asiye na kosa. Skola alikuwa akinipigania tangu mwanzo. Nilimshika mkono wake kwa ule wangu wa kushoto nikasema uji. Akasema, "Nimeshausamehe, wifi. Ila wa kesho unywe mwenyewe."

Tangu siku hiyo nikahamia jikoni. Kiti chenye mto alipewa paka.

Skola hakunifundisha kitu, na ndiyo maana nilijifunza. Alifanya kazi yake na mimi nikakaa kwenye kigoda. Mafuta yakichemka atashika sahani ya vitunguu, atasimama nayo, hanitazami. Mafuta yanalia, vitunguu vinangoja, na mimi nasikia kitu kinapanda kifuani. Tia. Tia, nasema, anatia. Kesho koroga. Keshokutwa funika. Sufuria ndiyo iliyonidai maneno, na sufuria haina huruma, ikingojeshwa inaunguza.

Nilikosea sana. Nilisema washa nikimaanisha zima, nikasema menya nikimaanisha osha. Skola aliangalia kuni zinazotoa moshi, akaangalia mchicha wenye mchanga, akafanya kile kilichohitajika, halafu baadaye kabisa ndipo aliponiambia neno lake. Alikuwa anaisikiliza sufuria kwanza, mimi baadaye. Nakuomba wewe unayemuuguza mtu kama mimi, jifunze hilo kwa Skola. Usimkatize mgonjwa wako kumwambia hajasema vizuri, wakati unaona kabisa anachotaka.

Kliniki nako mambo yalikwenda. Picha za Bi Neema zilianza kuzungumza, maana sasa nilipoona mtu anakoroga nilimkumbuka Skola na mvuke wake. Na Jumatano moja yule mzee wa Mlimba alipita mlangoni, akatuangalia wote benchini, akasema, "Alhamisi." Mkewe alipiga vigelegele koridoni mpaka muuguzi akatoka kuuliza kuna nini.

Neno moja tu halikurudi. Nyumbani unapakua bila kuambiwa, sufuria ndogo, watu wanne, hakuna anayesubiri amri. Nililitafuta kila siku. Nilijua linaanza na midomo kufungana. Wakati mwingine lilifika mpaka menoni likarudi.

Mavuno yakaja. Mpunga ukakatwa, ukapigwa, ukapepetwa, ukaenda mashineni, nyumba ikanukia mchele mpya. Baada ya mavuno ndipo huangukia sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, mtakatifu tunayebeba jina lake, na akina mama wakakutana kwetu kupanga mapishi. Mwenyekiti wetu, Mama Benja yule yule wa shamba la jirani, alisema kwa upole kwamba mwaka huu Skola aendelee, Mama Theo akae meza ya wageni. Nilielewa kila kitu. Alisema wali wa watu wengi ukiungua, aibu ni ya jumuiya nzima, na mpishi mkuu ni lazima aseme. Hakuwa na ubaya, ingekuwa mimi ningesema vile vile.

Wote wakamgeukia Skola. Angeweza kukubali, na mimi nisingemlaumu.

Skola akasema, "Mimi nitageuza, nitabeba, nitapalia. Kupakua sisemi mimi. Kama wali ukiungua, nidaini mimi."

Mama Benja akauliza, na asiposema je. Skola akajibu kwamba watakula ukoko, ukoko nao ni chakula.

Siku ya sikukuu waliniweka katikati ya mafiga na mwiko mrefu wa shughuli mapajani. Misa ilikuwa imeanza, tulisikia kwaya kutoka kanisani. Niliongoza nilivyoweza. Kuni, nikanyoosha kidole. Maji, nikainua mkono mmoja. Punguza. Ongeza. Geuza, hii niliisema kwa sauti mpaka mwenyewe nikajishangaa. Hakuna aliyeniuliza namaanisha nini. Ni akina mama waliopika na mimi miaka na miaka, wanajua wali ukifika hapa unataka nini, wangenielewa hata kama ningesema Jumatano. Maji yakakauka. "Palieni," nikasema, wakapalia makaa juu ya mifuniko. Skola akanikonyeza.

Halafu tukangoja. Misa ikaisha, watu wakatoka, wakaanza kujipanga na sahani. Mimi nikasogeza sikio. Wali ulioiva una sauti yake, chini kabisa, ukoko unapoanza kujitenga na sufuria. Nikausikia. Harufu ikaja, ile ya mwisho kabla ya kuungua. Ulikuwa wakati wenyewe. Nikafungua mdomo.

Nikapata sahani. Nikapata watu. Nikapata ukoko, ambao hakuna aliyeutaka wakati ule.

Kila mtu pale alilijua lile neno. Watoto wa komunio kwenye foleni walilijua. Mama Benja alimtazama Skola, na Skola akanitazama mimi, midomo ameibana, vitambaa vya kushikia mfuniko viko tayari mikononi. Sijawahi kupendwa hivyo maishani mwangu, akina mama wote wamesimama kimya, jasho linawatoka, wanaacha wali wao ukaribie kuungua ili tu wasiseme neno langu. Macho yakaniuma kwa moshi na kwa kisichokuwa moshi.

Nikainua mwiko kwa mkono wa kushoto, nikagonga mfuniko wa sufuria kubwa. Nikagonga tena.

Skola hakusubiri mara ya tatu. Makaa yakaondolewa, mifuniko ikainuka, mvuke ukapanda. Wali ulikuwa punje kwa punje, mweupe, mchele mpya wa Kilombero. Wakapakua. Padre alirudia, na akaomba msamaha kwa kurudia, halafu akarudia tena. Nilikaa kwenye kigoda changu nikiwatazama watu wakila, na moyo wangu ulikuwa umejaa, ila kulikuwa na kijitobo kidogo. Nilikuwa nimegonga, sikuwa nimesema.

Alasiri watu walikuwa wameshaondoka wengi. Akina mama walikuwa wakiyaloweka masufuria, viroba vimekunjwa, Oswald amekuja na bajaji kunichukua. Mtu fulani alikuwa anasimulia jinsi padre alivyojificha nyuma ya mchungaji wa kanisa la jirani ili asionekane anarudia. Wote wanacheka, na mimi nacheka, sifikirii kitu.

"Pakueni," nikasema.

Nikalisikia mwenyewe, limetoka safi, kwa sauti yangu ya zamani ya kumrudisha diwani na sahani yake. Limetoka mbele ya masufuria matupu. Mama Benja ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia mwingine, mpaka wakashikana mabega wasianguke, na Oswald kwenye mlango wa bajaji amefunika uso kwa kofia. Nilicheka hadi mate yakatoka, sikuyafuta.

Skola hakucheka. Alikuwa ameinamia sufuria kubwa, ile ambayo ilikuwa bado haijatiwa maji. Akachukua mwiko, akaanza kukwangua chini, krr, krr, ukoko ukatoka vipande vikubwa vya rangi ya asali. Akatafuta sahani safi.

"Haya, akina mama," alisema. "Mpishi amesema. Pakueni."

Wakaacha walichokuwa wakifanya, wakanawa mikono, wakajipanga foleni mbele ya sufuria ya ukoko, Mama Benja wa kwanza. Sahani ya kwanza haikuwa yake. Ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka kwenye kigoda changu. Ukoko ulikuwa umepoa na ulikuwa mgumu, na upande wangu wa kulia bado hautafuni vizuri. Niliumaliza wote.